Siwa Iliyopotea na Mpiga Tarumbeta wa Naguru

Wewe unayenisikiliza, kama una kikombe cha chai mkononi, usinywe kwanza. Kinuse. Kama ndani yake kuna karafuu, umeshafika nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni harufu ya karatasi kuukuu, ya udi uliozimika zamani, na ya bati lililowahi kuwa na biskuti. Harufu hizo zilinipiga usoni zote kwa pamoja wiki iliyopita, nilipofungua bati la marehemu Bibi nikitafuta kibanio cha nywele. Nilikaa chini sakafuni. Kibanio sijakipata mpaka leo.

Ndani ya bati kuna kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu lakini kwa Kiswahili, kimefungwa na kipande cha kanga. Ni utenzi. Wazee wa Bibi walikuja nao kutoka pwani walipokuja kufanya biashara Buganda, wakajenga katika mtaa wa Old Kampala, na tangu hapo ukawa unarithishwa kutoka bibi hadi mjukuu. Kama neno utenzi linakuletea usingizi, usijilaumu. Mimi pia lilikuwa likiniletea. Ninachotaka kukueleza ni jinsi usingizi huo ulivyoniacha, na jinsi konstebo mmoja asiye na kosa alivyokaribia kuomba uhamisho kwa sababu yangu.

Sisi tuliishi Naguru, kwenye kambi ya polisi, ambayo wenyewe tuliiita baraki. Baba alikuwa koplo, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote. Mama alikuwa binti wa Old Kampala. Siku moja, kabla mimi sijazaliwa, alitoka kwao na sanduku moja akaenda kuolewa na polisi huyo, wakati nyumbani kwao kulikuwa kumeshapangwa mume mwingine, mwenye duka la vitambaa. Babu alikasirika mpaka kufa kwake. Bibi hakutufukuza. Alitupokea tulipokwenda kumwona, alitulisha tukashiba, lakini Naguru hakukanyaga hata siku moja, na Baba akifika kwake alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kile kinachopigwa na upepo.

Kiswahili cha Bibi kilikuwa kimepigwa pasi. Cha baraki kilivaliwa hivyo hivyo, na mikunjo yake. Baba akiingia husema, "Jambo, Mama. Habari ya hapa?" Bibi humtazama kupitia juu ya miwani.

"Shikamoo ni neno dogo, baba. Halimvunji mtu meno."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Na Baba anakaa. Mlangoni.

Sasa sikiliza desturi yenyewe, maana kila kitu kinaning'inia hapo. Mara moja kwa mwaka, siku ya vunja jungu, siku ile ya kula na kufurahi kabla ya mfungo kuanza, Bibi aliweka kitabu juu ya marufaa, kile kiti kidogo cha mbao cha kuwekea kitabu, akasoma mbele ya wageni baada ya sala ya alasiri. Akifika kwenye ubeti fulani alinyamaza. Alichukua birika la kahawa, akajaza vikombe vyote taratibu, kimoja kimoja. Kama kabla kikombe cha mwisho hakijajaa mgeni mmoja aliuliza kilichotokea baadaye, Bibi angeendelea. Kama hakuna aliyeuliza, kitabu kilifungwa mpaka mwaka ujao. Watu wa nyumbani hawaruhusiwi kuuliza. "Wa nyumbani atauliza kwa adabu," alisema Bibi. "Mgeni akiuliza, ameuliza kwa hamu."

Mgeni hakuuliza. Wageni wa Bibi walikuwa wake wa wenye maduka, watu wa heshima zao, ambao Kiluganda kilikuwa kimewaingia mpaka ndotoni na kile Kiswahili cha kale waliking'amua kwa shida. Walitikisa vichwa, wakasema maashallah, wakala kaimati, yale madonge ya unga yaliyochovywa kwenye shira. Kikombe cha mwisho kilijaa. Kitabu kilifungwa. Ilikuwa hivyo tangu Mama akiwa msichana, kwa hiyo hata Mama hakujua mwisho wa utenzi wa kwao.

Mwaka huo ninaousema, nikiwa na meno mapya mawili ya mbele ambayo hayajazoeana, Bibi alitangaza jambo tukiwa tunachambua mchele.

"Mwaka huu ni wa mwisho. Macho yamechoka. Nikikifunga kitabu mara hii, nakifunga kwa kamba, nalala nacho kaburini."

Mama hakunyanyua uso kutoka kwenye ungo. Mimi nilikwama na punje mkononi. Katika familia nzima hakuna mwingine aliyeweza kusoma zile herufi.

"Bibi," nikasema, "mwizi ni nani?"

"Wewe ni mgeni hapa?"

"Hapana."

"Basi chambua mchele."

Nilisema mwizi kwa sababu utenzi ule ulikuwa wa wizi. Na hapa lazima nikiri kosa langu, nawe usinicheke kabla sijamaliza. Mimi niliamini ni kesi ya kweli. Nilikuwa nimekulia kwa watu ambao kazi yao ni kesi. Baba akirudi jioni alizungumzia walalamikaji na washukiwa kama baba za wengine wanavyozungumzia mpira. Kwa hiyo niliposikia kwamba katika mji fulani siwa ya sultani imeibwa, na kwamba kila mwaka kitabu kinafungwa bila mwizi kutajwa, niliona jambo moja tu: mwizi bado yuko nje. Pengine yuko Old Kampala. Pengine ni mzee mmoja fundi wa saa, jirani ya Bibi, ambaye hakupenda kutazamwa.

Nilikwenda kuripoti kwa Baba. Mtu mwingine angecheka. Baba alichukua daftari la shule ambalo lilikuwa na kurasa tupu nyuma, akachonga penseli, akaniketisha.

"Mali iliyopotea?"

"Siwa."

"Siwa ni kitu gani?"

Nilimweleza kama Bibi alivyonieleza: baragumu kubwa la pembe, la heshima, ambalo lilipulizwa kwenye harusi za wakubwa, na bila sauti yake harusi haikuwa harusi. Baba alifikiri kidogo.

"Kama tarumbeta ya gwaride. Tarumbeta isipolia, hakuna mtu ya kutoka nje, siku hapana anza." Akaandika. "Mlalamikaji?"

"Sultani. Anamwoza binti yake."

"Huyo ni kama kamanda wa mkoa. Mpelelezi?"

"Kadhi."

"Washukiwa?"

Washukiwa walikuwa watatu. Kuna mpiga siwa mwenyewe, anayelala usingizi wa gogo. Kuna waziri, asiyempenda baba wa bwana harusi. Na kuna kaka wa bwana harusi, mwenye kijicho. Baba aliandika wote kwa mwandiko wake mzuri. Nilipomwomba aende Old Kampala akakamate mtu, alifunga daftari.

"Ushahidi bado. Na sikia, mwanangu. Kama unataka shahidi, usimfundishe ya kusema. Shahidi mwenye kufundishwa, hakimu anatupa yeye nje pamoja na kesi."

Hilo lilinikaa. Bibi alihitaji mgeni mmoja aulize. Nisingeweza kumwambia mtu, njoo uulize. Huyo angekuwa shahidi wa kufundishwa. Ilibidi aulize kwa sababu hadithi inamwasha. Na ili imwashe, kwanza aelewe.

Baraki nzima ilikuwa na bomba moja la maji upande wetu. Foleni ya madumu ilianza kabla jua halijatoka na watu hawakuwa na kazi nyingine ila kungoja. Nikaanza hapo. Mbele yangu kulikuwa na Mama Adong, mke wa polisi, mkaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na muhogo, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka kilimani. Nilianza kwa ubeti wenyewe, kama Bibi:

*Mui wote kuzinduka,*
*na yua likitomoka,*
*siwa haikusikika,*
*wala haimo nyumbani.*

Mama Adong alinitazama kama mtu aliyepewa noti asiyoijua. "Hiyo ni maombi?"

"Hapana, Mama Adong. Ni hivi. Asubuhi, watu naamka. Jua natoka. Tarumbeta hapana lia. Wanakwenda angalia mahali inakaa. Hapana iko! Imekwenda!"

"Banange!" akashangaa Mama Adong. "Na leo ni harusi?"

"Leo ni harusi. Ya binti wa kamanda wa mkoa. Mbuzi imeshachinjwa."

"Mbuzi imechinjwa na tarumbeta hapana iko!" Aligeuka nyuma akaitangazia foleni yote. Hakuna dumu lililosogea.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi. Kila asubuhi nilitoa beti chache, kwanza jinsi zilivyo, kisha jinsi sisi tunavyosema. Usifikiri ilikuwa rahisi. Utenzi unasema waziri alikuwa na moyo wenye kutu. Nikasema, huyo ni bosi wa kutia sahihi leo, kesho anakana mkono wake. Wote walimjua mtu kama huyo. Utenzi unasema kaka wa bwana harusi alitafuna wivu kama tambuu. Nikasema, mdogo wake amepata nyota ya begani kabla yake. Foleni nzima ikaguna, na mzee mmoja mwenye nyota zake chache akaondoka bila kujaza dumu.

Tatizo lilikuwa mshukiwa wa kwanza. Baraki yetu ilikuwa na mpiga tarumbeta wake, konstebo aitwaye Ojok, kijana mwembamba mwenye mashavu makubwa, aliyetuamsha kila asubuhi. Mimi sikusema ni yeye. Nilisema tu kwamba mpiga siwa ni kama Ojok. Lakini unajua maneno yakishapita kwa Mama Adong yanakuwaje. Kabla wiki haijaisha, Ojok alikuwa hawezi kupita bombani.

"We, Ojok! Rudisha kitu ya watu!"

"Harusi ya mtoto wa mtu imekufa, na wewe unakura chapati!"

Watoto walimfuata wakiimba. Mama Adong alimnyima kabalagala mpaka upelelezi ukamilike. Jumatano moja Ojok alikuja kwetu, kofia chini ya kwapa, akasimama wima mbele ya Baba.

"Koplo, mtoto yako anaharibu jina yangu."

Baba, bila kucheka, akachukua daftari. "Siku ya tukio ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa bado hapana zaliwa!"

"Utetezi mzuri." Akaandika. "Una shahidi?"

"Mama yangu!"

"Yuko wapi?"

"Kitgum." Ojok alikaribia kulia. Akanigeukia. "Wewe mtoto, niambie tu. Ni mimi ama hapana mimi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi mwenyewe sijui. Kwamba anayejua ni Bibi, na Bibi atasoma Jumamosi, na siku hiyo mlango wake uko wazi kwa yeyote, na kuna kaimati. Desturi ya kuuliza sikuitaja. Niliuma ulimi mpaka ukaniuma.

Jioni ile Mama alinikuta kwenye kamba ya nguo. Alikuwa amemsikia Mama Adong akimsimulia jirani kesi ya siwa kwa mikono miwili.

"Utenzi wa wazee wangu umeupeleka bombani?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa 'tarumbeta hapana iko'?"

"Walikuwa hawaelewi, Mama."

Hakunipiga. Alikaa juu ya dumu tupu na shuka mbichi mapajani. "Unajua Bibi alinifungia bati la utenzi huo miaka mingapi? Alisema nimekwenda kuutupa ulimi wangu Naguru. Sasa Jumamosi Naguru yote inakuja sebuleni kwake. Wakicheka mahali pabaya, hatakumbuka jina lako wewe mdogo. Atakumbuka langu." Kisha akasema polepole, na hapo ndipo nilipojua kwamba kesi ile haikuwa yangu peke yangu: "Na mwisho wake ningependa kuusikia, kabla hajalala nao."

Jumamosi walikuja. Wangekuja hata kungekuwa na mafuriko. Mama Adong alivaa gomesi ya harusi, mabega yamesimama kama masikio. Nyuma yake walikuja wanawake wanane wa bombani, na nyuma yao Ojok, kwenye sare iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa kiasi kwamba alipoambiwa avivue mlangoni aliviangalia kama mtu anayeacha watoto kituo cha basi. Wake wa wenye maduka walijisogeza ukutani. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Mama alikuwa jikoni, mikono kwenye shira.

Bibi alifungua kitabu. Akaanza. Kwa beti za mwanzo kulikuwa kimya, kile kimya cha kanisani cha watu waliovaa vizuri. Kisha akafika pale waziri anapoingia.

"Huyo!" akapaza Mama Adong. "Huyo ndiyo mwenye kukana sahihi!"

"Nilisema mimi!" akaitikia mwingine. "Tangu Jumatatu nilisema!"

Bibi aliacha kusoma. Akavua miwani. Jikoni kijiko kilianguka.

"Nani amewajulisha nyinyi na waziri?"

Vidole tisa vilinielekea. Kumi, pamoja na cha Ojok.

"Njoo hapa," akasema Bibi. Nikaenda. "Ubeti huu niliousoma sasa hivi, wewe uliwaambiaje?"

Ningeweza kupamba. Lakini Baba alikuwa mlangoni, na mimi nilijua habari ya mashahidi. Nikasema kama nilivyosema bombani, neno kwa neno, na hapana iko zake zote. Wake wa wenye maduka walifunika midomo kwa mitandio.   Bibi akamgeukia Mama Adong.

"Na wewe, mwanangu, uliposikia hivyo ulifanya nini?"

Mama Adong alisimama. "Nilichoma kabalagala, Bibi. Yote. Nilikuwa nafikiri ile waziri, nikasahau moto. Mzee yangu alilala njaa."

 Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika.

"Bibi yangu mimi," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga, "mara ya kwanza alipousikia, aliunguza wali wa wageni kumi na wawili. Alikuwa akijisifia hilo mpaka uzeeni." Akavaa miwani. "Kaa, mwanangu. Na wewe, mtoto, kaa karibu nami. Nikisoma ubeti, wewe waambie."

Basi tukasoma hivyo, yeye na mimi. Yeye akapiga pasi, mimi nikakunja. Mara moja nilikosea maana, akanipiga kofi dogo la paja. Mara nyingine nilisema kitu akacheka, akanifanya nirudie. Hata wake wa wenye maduka walianza kuinama mbele, na mmoja akasema kwa Kiluganda kwamba miaka yote hiyo alidhani hadithi inahusu ng'ombe.

Tukafika mahali penyewe.

*Kadhi kanena: "Nyi nyote,*
*njooni mbee mpite,*
*wala nyuso msifite,*
*yambo moya natamani."*

Nikaeleza: mpelelezi amefunga milango ya mji, amepanga watu gwaride moja, wakubwa kwa wadogo, na amesema hatauliza swali lolote. Kila mtu apite mbele yake uso wazi. Kuna kitu kimoja tu anakitazama.

Bibi akaweka kidole kwenye ukurasa. Akanyamaza. Akachukua birika.

Kikombe cha kwanza. Cha pili. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, shira inamdondoka kwenye vidole. Niliwatazama watu wa bombani, nikaona kosa langu lote: walikuwa wamevaa vizuri mno. Walikuwa wageni wenye adabu. Bibi mwenye nyumba amenyamaza, wao wamenyamaza. Mama Adong alikuwa na kaimati mbili mdomoni. Kikombe cha tano. Cha sita. Niliikalia mikono yangu. Kahawa ilitoka kwenye birika kama uzi. Bibi hakuwa na haraka, lakini pia hakuwa akipunguza mwendo. Kilibaki kikombe kimoja.

Ojok akasimama wima, soksi zake zikateleza kidogo sakafuni.

"Bibi, samahani, Bibi. Mimi nimeteseka. Wiki mbili hapana kura kabalagala. Kama ni mimi, sema ni mimi, nikwende zangu. Kadhi alitazama nini? Alimshika nani?"

Birika likasimama hewani.

"Mwajua nimengoja swali hilo tangu nikiwa na meno yangu yote?" akasema Bibi. Akaliweka chini birika, kikombe cha mwisho kikiwa nusu, akafungua ukurasa ambao ulikuwa umeshikana na mwenzake kwa kukaa bila kufunguliwa. Ulitoa mlio mdogo ulipoachana. Harufu ile ya karafuu ikatoka.

Huu ndio mwisho, nami nakupa kwa maneno ya bombani. Kadhi alitazama midomo. Alijua kwamba aliyeiba siwa ameshindwa kujizuia. Mahali fulani peke yake ameipuliza, na asiyezoea kupuliza siwa huvimba midomo. Akapita mpiga siwa: midomo migumu ya miaka yote, hakuna uvimbe. ("Asante!" akapiga kelele Ojok, na akakaa chini kama gunia.) Akapita waziri: hakuna kitu. Akapita kaka: hakuna kitu. Mji mzima ukapita. Mwishoni akaja bibi harusi, kwa sababu kadhi alisema wote. Akafunua mtandio. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba kama andazi.

Sebule nzima ilivuta pumzi.

Kadhi akamtazama sana. Kisha akamgeukia sultani akasema, mwizi sijamwona. Nimeona mtu mmoja ambaye katika mji huu wote hakuna aliyemuuliza anamtaka nani.

Bibi akafunga kitabu. Safari hii hakukifunga kwa hasira wala kwa huzuni.

"Ndiyo maana hatuendelei mpaka tuulizwe," akasema. "Wazee walitaka tukumbuke kuuliza."

Mama alikuwa akilia, amesahau kwamba mikono yake ina shira, na alikuwa ameipaka usoni. "Mama, mwisho huu umeujua siku zote?"

"Siku zote."

"Na hukuniambia? Hata nilipoondoka?"

"Hukuuliza."

"Wa nyumbani haruhusiwi kuuliza!"

Bibi akaiweka miwani juu ya kitabu.  "Ni kweli," akasema. "Desturi ile ina tundu. Babako hakukuuliza. Mimi pia sikukuuliza, na kitabu nilikuwa nacho." Akajinyoosha. "Haya. Nakuuliza leo. Huyu polisi wako, unamtaka?"

"Mama! Watu wapo!"

"Hao si watu, hao ni mashahidi. Unamtaka?"

Mama akamtazama Baba pale mlangoni, magoti yake yamemfika kidevuni. "Namtaka. Ila anakoroma."

"Babako pia alikoroma, na yeye alikuwa na duka." Bibi akapiga mkeka kwa kiganja. "Koplo, toka hapo kwenye upepo. Njoo ukae ndani."

Baba akasimama, akavuka sebule yote kwa hatua nne, akakaa. "Shikamoo, Mama," akasema, ingawa alikuwa ameshasalimia. Jioni ile, nyumbani, aliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa mwandiko wake mzuri: *Kesi imefungwa. Mwizi hakuna.* Mimi nililalamika kwamba siwa yenyewe bado haijulikani ilipo. Akaniambia hiyo ni faili nyingine.

Jumamosi iliyofuata, Bibi alikuja Naguru. Alipanda mpaka bombani na kanga zake mbili, akaomba aonyeshwe mshukiwa wa kwanza, akamkagua Ojok midomo kwa makini mbele ya foleni yote, akatangaza kwamba hana hatia. Mama Adong alimlipa Ojok fidia ya sahani nzima. Na kuanzia mfungo ule, macho yake yakiwa bado yanaona kidogo, Bibi alinifundisha zile herufi, ubeti kwa ubeti. Akinisomesha, ilinibidi kila mara niseme ubeti mara mbili, mara moja kwa pasi na mara moja kwa mikunjo. Alisema nisipoweza kuusema kwa mikunjo, bado sijauelewa.

Ojok alistaafu mwaka juzi. Husalimia kwa simu na huanza hivi: "Siwa imepatikana?"

Na wewe, unacho kitabu kama hicho. Kila mtu anacho: kile kilichomshinda shuleni, kile cha babu, kile anachokipangusa vumbi bila kukifungua. Kitoe leo. Tafuta mtu mmoja anayengoja kitu, maji au chai ichemke. Msomee kidogo kama kilivyo, kisha mwambie tena kwa maneno mnayotumia nyumbani. Ukifika mahali penye utamu, funga mdomo, mimina chai taratibu, na usiendelee mpaka akuulize.